Niliombwa Nijifute kwenye Picha ya Mahafali Yangu

Kila asubuhi nikifika studio nafanya mambo yale yale.

Nafagia. Nafuta kioo cha kaunta kwa gazeti, maana kitambaa kinaacha nyuzi. Nawasha kompyuta, na wakati inajivuta kuamka, nakung'uta vumbi la mbao kwenye fremu tulizokata jana yake. Vumbi hilo hunipigisha chafya mpaka machozi, kwa hiyo huvaa barakoa na kujifunga kitambaa kichwani.

Asubuhi hiyo nilikuwa bado kwenye fremu mlango uliposukumwa kwa kiuno.

Akaingia mama mmoja mnene, mkoba kwapani, simu mkononi, anahema kama amefukuzwa.

"Ninyi ndio mnaofuta watu?"

Nilicheka ndani ya barakoa. Mtaani tunajulikana hivyo. Kuna wanaoleta picha za harusi wakitaka bwana harusi aondoke, ibaki keki. Kuna wanaotaka mjomba mlevi atolewe kwenye picha ya familia. Bosi wangu ana sheria moja tu: mteja akisema toa, unatoa. Huulizi aliyetolewa kakosa nini.

"Ndiyo sisi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nifutie huyu."

Akaiweka simu juu ya kaunta, na kucha yake nyekundu ikatua usoni pangu.

Si uso niliokuwa nao pale kaunta. Uso wangu kwenye picha.

Niliitazama ile picha kama mtu anayesoma tangazo la msiba wake mwenyewe.

Ilipigwa siku ya mahafali yangu ya chuo. Tulikuwa watatu, nyuma yetu ukuta wa matofali ya kuchoma. Katikati ni mimi, nimevaa joho na kofia, nimepakwa poda na wanja mpaka mama yangu mzazi aliniuliza mimi ni nani.

Kushoto kwangu alikuwa rafiki yangu wa tangu utotoni. Nitamwita Kengele, maana akicheka hata jirani wa tatu anajua. Alifiwa na mama yake akiwa mdogo sana, akalelewa na bibi yake, na mimi ndiye niliyekuwa dada, pacha na mfuko wake wa siri.

Kulia kwangu alikuwa mchumba wangu. Jina lake sitaliandika. Alikuwa anauza bima, basi tumwite Bima.

"Huyu ni nani, mama?" nikauliza. Sheria ya bosi ilikuwa imeshanitoka kichwani.

"Nitajuaje? Mhitimu mmoja tu aliyejipenyeza kwa watu. Vijana wa siku hizi wakiona kamera hawana haya."

Mimi. Mimi ambaye kwenye picha zote za shule unaona sikio langu tu, nimejificha nyuma ya mtu.

"Huyu kijana ni mtoto wa kaka yangu," akaendelea. "Nimemlea kwa mikono hii. Na huyu binti anayecheka ndiye mkwe wetu mtarajiwa."

Kidole kilikuwa juu ya Kengele.

Nikaivuta simu karibu.

"Anaitwa nani mkwe wenu?"

Akataja jina langu.

Jina langu kamili, na la baba yangu, na la babu. Alilitaja kwa fahari, kama anasoma risala mbele ya mgeni rasmi.

"Na si wa mchezo huyo! Msomi. Kasomea mambo haya haya ya picha, chuoni. Wewe umesoma, au umefundishiwa hapa hapa?"

"Nimesoma, mama."

"Haya. Basi mnafanana."

Nilishika ukingo wa kaunta. Uso wa Kengele. Jina langu. Masomo yangu. Mchumba wangu. Kama kuna mtu alikuwa amechanganya karata, alizichanganya vizuri.

"Kama anajua picha, si angeitengeneza mwenyewe?"

"We mtoto, si nataka iwe sapraizi! Jumapili anakuja kula chakula cha mchana na ukoo mzima. Nyumba ya wifi yangu ina utaratibu wake. Kila mtoto akipata mwenzake, picha yao inatundikwa sebuleni, kubwa, na fremu. Msumari wa huyu kijana uko mtupu. Nataka binti akiingia tu, ajione ukutani."

"Mmeshawahi kuonana naye?"

"Kwenye simu, kila siku ya Mungu! Yeye na wifi yangu wakianza kuongea, sufuria inaungua. Mchangamfu yule! Kijana wetu angetuletea mtu wa kununa, angeishia getini."

Nikashukuru barakoa yangu.

Akaituma picha ile kwenye kompyuta yetu, akalipa, akafika mlangoni, akageuka.

"Na mikono yao uiweke vizuri. Wakumbatiane."

Sasa najua mnachotaka kuniuliza. Kwa nini sikusema pale pale?

Kwa sababu mimi ni mtu wa aibu. Sio aibu ya kuigiza, ya kuinamisha macho ili usifiwe. Aibu ya kweli. Mtu akinipita kwenye foleni, namwachia. Akinikanyaga, ninayeomba radhi ni mimi. Sauti yangu ni ndogo, na nikiwa mbele ya watu wengi inakuwa ndogo zaidi, mpaka mimi mwenyewe naitafuta.

Basi nilifanya nilichozoea kufanya nikiambiwa. Nikaketi, nikaanza kazi.

Kumfuta mtu si kubonyeza kitufe akapotea. Unachukua kipande cha ukuta kilicho karibu, unakipaka juu yake. Kisha kingine. Matofali yana mistari, na mstari ukipishana kidogo tu, jicho la mtu linakwama hapo. Nikaanza na kofia. Nikashuka kwenye paji la uso. Nilipofika machoni nilisita, halafu nikayapaka matofali.

Joho likaisha. Mabega yakaisha.

Ikabaki mikono.

Mkono wa Bima ulikuwa umepita mgongoni kwangu na vidole vikatokeza begani. Mkono wa Kengele vivyo hivyo, kutoka upande wa pili. Sasa mimi nilikuwa sipo, na mikono ilikuwa inaelea hewani, imekumbatia tofali.

Hilo ndilo gumu katika kazi yetu. Anayeondolewa anaondoka, lakini waliomshika wanabaki wameshika hewa. Lazima uwatafutie kitu kingine cha kushika.

Niliwasogeza. Nikauteremsha mkono wa Bima, nikaulaza kiunoni kwa Kengele. Ukakaa vizuri mno. Ukakaa kana kwamba ulizaliwa kukaa pale.

Bosi akapita nyuma yangu na kikombe chake, akainama kutazama.

"Safi sana," akasema. "Hata haijulikani kama palikuwa na mtu."

Akaenda zake. Hakujua amenichoma wapi.

Nilibaki nikiutazama ule ukuta. Nikajiambia: wewe, ndiye uliyetoka jasho kwenye joho lile. Ndiye uliyekesha na ule mradi wa mwisho. Ndiye ambaye mama yako aliuza cherehani yake ya pili kwa ajili yako. Halafu unajifuta kwa mkono wako, na unafanya kazi nzuri!

Nikaifunga picha. Kompyuta ikaniuliza kama nataka kuhifadhi mabadiliko.

Nikabonyeza HAPANA. Kwa nguvu, mpaka kipanya kikalia.

Mchana nikaenda kwa Kengele.

Anafanya kazi mapokezi, kwenye kliniki ya meno. Ukifika unamsikia kabla hujamwona.

"Mwenye jino la nyuma! Ndiyo wewe baba, usijifiche, halikuachi ukijificha!"

Watu wenye mashavu yaliyovimba wanacheka na wanalia kwa wakati mmoja. Hiyo ndiyo karama yake.

Aliponiona akatoka nyuma ya meza mikono wazi. "Kimya wangu! Umekula?"

"Jumapili unakwenda wapi?"

Mikono ikashuka.

Kengele hajui kudanganya usoni. Kwenye simu, sawa. Usoni, hapana.

"Nani kakwambia?"

"Shangazi yake Bima kaja studio. Anataka unitoe kwenye picha. Yaani anataka nijitoe mimi mwenyewe." Maneno yaligongana mdomoni. "Anakuita kwa jina langu."

Akanivuta pembeni, karibu na tangi la maji ya kunywa.

"Sikiliza kwanza kabla hujakasirika."

"Nimeshakasirika."

"Unakumbuka ile simu ya mwanzo?"

Nilikumbuka. Tulikuwa watatu, tumekaa kwangu. Mama yake Bima akapiga, Bima akaniwekea simu mdomoni: msalimie mama. Sauti yangu ikakataa kutoka kabisa. Kengele akanyakua simu: "Shikamoo mama, ni mimi mkweo!" Tulicheka mpaka tukalala sakafuni. Kwangu mimi mchezo uliishia hapo.

"Haukuishia," Kengele akasema. "Mama alipiga tena kesho yake. Bima akaniomba nipokee. Kisha akampa mama namba yangu, akasema ni yako. Kisha mama akataka tuonane kwenye video. Ningefanyaje, nijifunike shuka?"

"Ungesema wewe si mimi."

"Nilikuwa nakusaidia! Wewe ungemwambia nini mama wa watu? Ungekaa unapumua tu kwenye simu kama mwizi!"

Mzee mmoja mwenye shavu lililovimba akageuza shingo. Kengele akamtazama. "Baba, jino lako liko mbele, siyo huku."

Nikauliza swali lililonileta.

"Unampenda?"

"Nani? Bima?" Akacheka, na safari hii hakuna jirani angesikia. "Yule hata nikipewa bure na begi lake simchukui."

"Basi kwa nini?"

Akafungua bomba la tangi, akajaza kikombe, hakunywa. Akakimwaga. Akajaza tena.

"Naenda hii Jumapili tu," akasema mwishowe. "Mara moja. Nisipokwenda wataniulizia niko wapi."

"Watamuulizia nani?"

Akaona alichosema. Akarekebisha, polepole.

"Watakuulizia wewe."

Sikumtukana. Sijui kutukana. Niliondoka bila kuaga, nikarudi studio.

Bima alikuja mwenyewe studio jioni ile, Kengele alikuwa ameshampigia. Kaja na soda baridi na ile sauti yake ya kuuzia. Kazi yake ni kuwaeleza watu mabaya yanayoweza kuwapata, kwa upole, mpaka watie sahihi.

"Mpenzi, umelichukulia kubwa kuliko lilivyo."

Nikaendelea kufuta kaunta.

"Mama yangu ni mtu wa watu. Anapenda mtu mchangamfu. Wewe ungeingia mle ndani ukakaa na macho chini, wangekuhukumu siku ya kwanza. Nimekulinda. Sasa hivi wameshakupenda."

"Wamempenda nani?"

"Wewe."

"Mimi yupi?"

Akakuna shingo. "Usinitegee maneno. Jina ni lako, sifa ni zako. Kilichobaki ni sura tu, na hiyo tutairekebisha taratibu. Tukishaoana, mama atazoea."

Sura tu. Nilimsikia vizuri, na alisema bila hata kuona haya.

"Na picha?" nikauliza.

"Ifanye kama shangazi alivyotaka. Mfute huyo wa katikati. Baadaye tutakurudisha."

"Mtanirudishaje?"

Akatabasamu, akanigonga kidogo begani kama anavyomgonga mteja aliyekubali.

"Si wewe ndiye fundi?"

Jamani, mimi ni mtu laini. Nalia kwenye harusi za watu nisiowajua. Na yule kaka nilimpenda, sitasema uongo hapa ili nionekane shujaa. Nilipenda anavyokumbuka kila nilichomwambia. Nilipenda anavyonisubiri nimalize sentensi.

Lakini siku hiyo nilimwangalia nikaona kwamba muda wote ananisubiri tukiwa wawili tu. Chumbani kwangu, ndani ya studio tupu, kwenye benchi la nyuma. Sikumbuki siku aliyonisubiri nimalize sentensi mbele ya mtu mwingine. Marafiki zake sikuwafahamu. Ofisini kwake niliwahi kufika mara moja, akanipokelea nje, kando ya magari.

Nilikuwa nadhani ananihurumia aibu yangu. Kumbe alikuwa na aibu yake mwenyewe, na aibu yenyewe ni mimi.

"Picha itakuwa tayari," nikamwambia.

Akaondoka amefurahi. Soda aliiacha. Niliimwaga kwenye sinki, mpaka tone la mwisho.

Nikampigia shangazi. Namba yake ilikuwa kwenye daftari la wateja.

"Mama, kazi kubwa kama hiyo tunaipeleka wenyewe hadi nyumbani. Ni huduma."

"Bure?"

"Bure, mama."

"Heh! Mungu akubariki, binti. Njoo Jumapili mchana, wote tutakuwepo. Utapata na sahani."

Fremu nilikata mwenyewe. Nilichagua mbao nzito ya kahawia, nikapiga pembe kwa gundi na misumari midogo, nikasugua msasa mpaka mkono ukipita hausikii kitu. Bosi akauliza ni ya nani, mbona naibembeleza.

"Ya mteja mgumu," nikasema.

Jumapili nilivaa nguo yangu ya kazini. Barakoa, kitambaa kichwani, viatu vya kufagilia. Nilitaka waone mtu yule yule ambaye huwa hawamwoni.

Njiani nilisimama mara kadhaa. Fremu ilikuwa nzito, lakini si fremu iliyonisimamisha. Nilikuwa najiuliza: nirudi? Naweza kuiacha getini nikaondoka. Naweza kumwandikia Bima ujumbe tu, imeisha, nikazima simu. Nani angenilaumu? Watu kama sisi huaga kwa ujumbe.

Lakini hapo ndipo kwenye jambo lenyewe. Ningeaga kwa ujumbe, kule sebuleni ningeendelea kuwepo. Jina langu lingeendelea kula, kucheka na kupiga picha na ukoo wa watu, na mimi sipo. Nikapandisha fremu begani.

Sebule ilikuwa imejaa. Viti vyote vimevalishwa vitambaa vyeupe, watu wamebanana, sahani magotini. Ukutani, picha za kaka na dada za Bima na wenzao, zote na tabasamu moja. Mwishoni msumari mtupu.

Kengele alikuwa amekaa chini ya msumari, kwenye kochi, karibu na mama yake Bima. Mama yule ni mwembamba, na macho yake yana ucheshi. Alikuwa amemshika Kengele kiganja, anakipapasa huku anaongea na wengine, kama mtu anayepapasa kitu chake bila kujua.

Kengele akaniona. Akaacha kutafuna.

Bima akaniona pia. Aliruka kutoka kitini kama amekalia kaa la moto.

"Aaa, mtu wa picha! Weka tu hapo chini, dada. Asante sana. Unaweza kwenda."

Dada. Mtu wa picha.

Nilikuja na woga. Aliposema "unaweza kwenda," woga ukaniaga.

"Aende wapi?" Shangazi akadakia. "Tuione kazi kwanza! Mkwe, simama, fumba macho."

Akachana karatasi kwa kucha zake nyekundu, akainyanyua fremu mbele ya watu wote.

Tulikuwa watatu. Matofali, Kengele, Bima, na mimi katikati, kofia kichwani, mikono yao yote miwili mabegani pangu.

"We binti!" Shangazi akawaka. "Si nilikwambia umtoe huyu? Nimekulipa!"

Nikavua barakoa. Nikafungua kitambaa.

"Nilishindwa, mama. Huyu ni mimi."

Kijiko cha mtu kikagonga sahani. Shangazi alinitazama, akaitazama picha, akanitazama tena, mdomo wazi.

"Huyu ni mimi," nikarudia. "Hayo yalikuwa mahafali yangu. Na jina mnalomwita yeye, ni langu."

Bima akacheka kile kicheko cha wauzaji. "Mama, ni jambo dogo hili, mchezo wa vijana tu. Huyu dada na mimi—"

"Kaa," mama yake akasema. Hakupaza sauti. Bima akakaa.

Mama akavaa miwani yake. Akamgeukia Kengele, na kiganja chake alikuwa bado hajakiachia.

"Ni kweli, mwanangu?"

Nilimjua Kengele tangu tukiwa na meno ya utoto. Nilijua atatoa utani. Ana utani wa kila ajali. Nilimwona akiutafuta, akafungua mdomo, na utani haukutoka.

Akaanza kulia.

"Mama, simtaki mwanao," akasema. "Sijawahi kumtaka hata siku moja. Nilichokuwa nasubiri ni simu yako."

"Simu yangu?"

"Ukinipigia unaniuliza kama nimekula. Unaniuliza nimevaa nini, kuna baridi. Unaniita mwanangu." Akajifuta pua kwa mkono wa nguo, mbele ya ukoo mzima. "Nilijua si mimi unayeniita. Ila sikuwa na mwingine wa kuniita hivyo. Nikasema simu moja tu. Halafu moja tena."

Hapo ndipo nilipopigwa na butwaa la pili. Siku zote hizo nilikuwa nadhani ameninyang'anya mwanaume. Kumbe mwanaume hata hakumtazama. Alikuja kuiba mama.

Mama yule alimtazama Kengele usoni. Kisha akauliza kitu ambacho sikutegemea.

"Na yule bibi mwenye miguu iliyovimba, niliyekuelekeza umkande kwa maji ya chumvi? Alikuwepo?"

"Bibi ni wangu, mama. Jina, chuo, kazi na mchumba ni vya huyu. Bibi tu ndiye wangu."

"Na miguu?"

"Imeshuka."

"Haya," mama akasema. Akavua miwani, akaifuta, akairudisha. Kiganja cha Kengele alikiachia, halafu baada ya muda akakichukua tena. Sijui alikuwa anafikiri nini. Hiyo ni yao.

Kisha akanigeukia mimi, na sebule nzima ikageuka naye.

"Njoo hapa karibu, binti. Kwa hiyo wewe ndiye mkwe wangu hasa?"

"Mama," Bima akaingilia, "huyu haongei mbele za watu. Ngoja nikueleze mimi—"

"Nimemuuliza yeye."

Kabla sijawaambia nilichojibu, niseme jambo, kwa sababu najua wengine mnaosoma hapa ni watu wa sauti ndogo kama mimi.

Mimi na Kengele hatukusemeshana kwa muda. Siku hizi tunaongea. Mtu akiniuliza kitu tukiwa pamoja, yeye anajibana midomo kwa vidole mpaka nimalize, anateseka kweli kweli, na mimi simharakishii mateso yake.

Simulizi za wasichana wapole mara nyingi zinaishia msichana akipata mdomo mrefu, anapiga meza, kila mtu anamwogopa. Mimi sikupata mdomo. Mpaka leo kwenye foleni watu wananipita, ingawa sasa nawagusa bega. Sauti yangu ni ile ile. Sijaiongeza, na sitaiongeza kwa ajili ya mtu.

Ukimya wangu si chumba kitupu cha kupangishwa kwa mwingine. Mimi niko ndani. Anayenipenda anipende nikiwa ndani, aniite kwa jina langu mbele ya mama yake, na angoje nijibu kwa mwendo wangu. Akiona aibu kungoja, njia ni pana.

Ndiyo maana siku ile, watu wote wakinitazama, sikujitahidi hata kidogo kupaza sauti. Niliongea vile vile ninavyoongea. Wakalazimika kuweka sahani chini na kuinama mbele ili wanisikie.

"Hapana, mama," nikasema. "Mwanao nilimpenda kweli. Lakini yeye ananipenda pale tu pasipo na watu. Nimekuja kumwacha, na nimetaka nimwache hapa, mbele ya watu alionificha wasinione."